Saratani ya matiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye mabenchi ya kliniki za matiti jijini. Huulizwa na wagonjwa, dada zao, waume zao na mabinti wanaowasindikiza. Tumeyapanga kwa njia anayopita mgonjwa mwenyewe: kinundu, kipimo, jibu la maabara, hatua, tiba. Kama una muda wa kusoma moja tu, soma lile la fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama inayokwenda maabara. Pale ndipo wengi wanapopoteza miezi.

Nimegusa kinundu kwenye ziwa. Ni saratani?

Huenda siyo. Vinundu vingi, hasa kwa walio chini ya miaka 30, ni fibroadenoma (uvimbe usio saratani) au vifuko vya maji. Fibroadenoma hukimbia chini ya kidole: unaibonyeza huku, inachomokea kule. Saratani kwa kawaida ni ngumu, kingo zake hazieleweki na imeshika mahali. Lakini kidole hakitoi hukumu, kiwe chako au cha daktari. Kinundu ambacho bado kipo baada ya hedhi moja kupita kinahitaji picha. Kwa aliyekoma hedhi, hakuna cha kusubiri hata wiki.

Dalili nyingine za kukupeleka hospitali: chuchu iliyokuwa nje kuanza kuingia ndani, damu au majimaji kutoka chuchu moja bila kukamua, ngozi kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, ukurutu wa chuchu usiopona kwa mafuta, au tezi ngumu kwapani.

Hakiumi hata kidogo. Nikisubiri kianze kuuma?

Usisubiri. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi, na ndiyo maana watu huishi nayo mwaka mzima. Maumivu ya matiti yote mawili yanayokuja kabla ya hedhi na kuondoka yenyewe kwa kawaida ni homoni tu.

Nanyonyesha. Ziwa limevimba, jekundu, la moto. Nimepewa antibiotiki mara ya tatu sasa.

Mara ya tatu ni nyingi mno. Kwa mama anayenyonyesha, ziwa jekundu mara nyingi ni maambukizi au jipu, na dawa sahihi huonyesha kazi ndani ya siku 2 au 3: homa inashuka, wekundu unarudi nyuma. Wiki mbili zikiisha bila nafuu, kinachofuata ni ultrasaundi na kuchukua kinyama (kipande kidogo cha titi cha kupimwa maabara), si dozi nyingine. Iko aina ya saratani inayojifanya jipu: titi lote hubadilika rangi, ngozi inakuwa nene, linakuwa zito, na pengine hakuna kinundu chochote cha kushika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wenyewe hauonekani vizuri. Utaona weusi uliozidi, mng'ao, na vishimo.

Jipu likipasuliwa, muombe daktari akate kipande cha ukuta wake kipelekwe patholojia, maabara inayochunguza nyama. Ni kazi ya dakika moja na husahaulika sana. Ultrasaundi haidhuru maziwa, kwa hiyo endelea kunyonyesha.

Naweka hela na simu kwenye sidiria. Je, ndiyo chanzo?

Hakuna ushahidi kwamba noti, sarafu, simu, sidiria yenye waya au mafuta ya kwapa vinaleta saratani ya matiti. Chenji ya daladala iache ilipo.

Vinavyoongeza uwezekano ni vingine, na vingi havina wa kulaumiwa. Vikubwa kuliko vyote ni kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Vinafuata kuvunja ungo mapema (kabla ya miaka 12), kukoma hedhi baada ya 55, kutozaa au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya 30, kutonyonyesha, pombe, na unene baada ya kukoma hedhi. Kunyonyesha kunapunguza: uchambuzi mkubwa wa tafiti kutoka nchi 30, uliotoka 2002, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha uwezekano kwa takribani asilimia 4, na kila uzazi kwa asilimia 7. Hata hivyo, mama aliyezaa saba na kunyonyesha wote anaweza kuugua. Takwimu huzungumzia kundi, hazimzungumzii mtu mmoja.

Watu huuliza kwa nini kliniki zetu zina wagonjwa wengi wa miaka 35 hadi 50. Sehemu ya jibu ni kwamba taifa letu lina vijana wengi, kwa hiyo hata ugonjwa unaopenda wazee utaonekana kwa walio wengi.

Mama na shangazi yangu walikuwa nayo. Mimi je?

Inategemea ni ndugu wa namna gani na waliugua wakiwa na umri gani. Katika kila saratani 100 za matiti, 5 hadi 10 hutokana na hitilafu ya kurithi. Inayojulikana zaidi iko kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2, na mwanamke aliyeirithi ana uwezekano wa karibu 70 kati ya 100 wa kuugua kufikia miaka 80. Urithi hupita upande wa baba pia, kwa hiyo usihesabu upande wa mama peke yake.

Dalili za familia yenye hitilafu hiyo: saratani ya titi kabla ya miaka 45, matiti yote mawili kwa mtu mmoja, saratani ya mfuko wa mayai, au mwanamume mwenye saratani ya titi. Kama una moja ya hizo, uchunguzi wako unapaswa kuanza mapema kuliko wa wenzako, mara nyingi miaka 10 kabla ya umri aliougulia ndugu yako wa karibu.

Sindano, vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango?

Njia za homoni zinaongeza uwezekano kidogo wakati unazitumia, na ongezeko hilo hupungua baada ya kuacha. Utafiti wa Denmark uliotoka 2017 ulipata takribani mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka mmoja. Ukipima hilo na hatari za ujauzito usiopangwa, kwa wanawake wengi haitoshi kuacha. Ila ukishagundulika na saratani ya titi, njia zote za homoni zinasimama siku hiyohiyo. Kitanzi cha shaba hakina homoni na kinaruhusiwa.

Nijichunguze vipi, na mamografia nianze lini?

Tuseme ukweli wote hapa. Utafiti wa Shanghai ulioshirikisha wafanyakazi wa viwandani zaidi ya 260,000 ulionyesha kwamba kufundishwa kujipapasa kila mwezi hakukupunguza vifo, bali kuliongeza upasuaji wa vinundu visivyo na madhara. Kwa hiyo hatukupi ibada ya kila mwezi. Tunachotaka ni uyajue matiti yako yalivyo, ili kikibadilika kitu ukione. Wakati mzuri ni siku ya 7 hadi 10 tangu hedhi ilipoanza, maana hapo matiti ni laini. Tumia matumbo ya vidole vitatu, si ncha, ukiwa na sabuni mkononi, na usisahau kwapa.

Uchunguzi wa kupapaswa na mhudumu aliyefundishwa una ushahidi zaidi. Huko Mumbai, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa miaka 20, na kwa waliokuwa na miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mamografia (eksirei ya matiti) ina maana kuanzia miaka 40 au 50, kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa anayeweza kuipata. Kwa binti wa miaka 25 asiye na historia ya familia, ni hela ya bure: titi changa ni zito, picha inatoka nyeupe tupu, na uvimbe nao ni mweupe.

Nianzie hospitali gani hapa Dar?

Kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa kupapaswa na kuandikiwa rufaa. Kwa ultrasaundi na kuchukua kinyama, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana kwa Ilala, Temeke, na Mwananyamala kwa Kinondoni. Upasuaji mkubwa kwa kawaida hufanyika Muhimbili. Mionzi na tiba kemikali (dawa za dripu za kuua saratani) ni kazi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la zamani ni la enzi za Wajerumani. Anayetoka Kimara au Mbezi anapanda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha bajaji.

Kosa la kawaida ni kukimbilia Ocean Road na kinundu mkononi, bila karatasi yoyote. Utapokelewa, lakini utarudishwa nyuma kutafuta jibu la kinyama, kwa sababu hakuna anayeanza tiba ya saratani bila jibu la patholojia. Shirika la Afya Duniani linataka vipimo vyote viishe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike. Andika tarehe ya siku ya kwanza kwenye daftari na uzihesabu.

Karatasi ya picha imeandikwa BI-RADS 4. Maana yake nini?

Ni namba ya mashaka, siyo hatua ya ugonjwa. 1 na 2 ni salama. 3 ina uwezekano usiozidi 2 kati ya 100, unarudia picha baada ya miezi 6. 4 ni pana mno, kuanzia 2 hadi 95 kati ya 100, na inataka kinyama. 5 ni 95 na zaidi. 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Na 0 maana yake picha haijatosha, inahitajika nyingine. Si kwamba uko salama.

Naogopa sindano. Mtaani wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa.

Msemo huu umeua watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na tunajua ulikotoka. Mgonjwa anafika uvimbe ukiwa umeshasambaa, anachomwa, miezi miwili baadaye anafariki, na jirani anaunganisha sindano na kifo. Saratani husafiri kwa njia ya damu na mitoki tangu kabla ya sindano. Kuchukua kinyama kwa sindano nene hakubadilishi muda wa mgonjwa kuishi.

Kinachofanyika ni hiki: ngozi inatiwa ganzi, kunakatwa kijitundu cha milimita chache, sindano ya chemchemi (geji 14 mara nyingi) inapiga "ta!" na kurudi na uzi wa nyama mrefu kama punje ya mchele au mara mbili yake. Zinachukuliwa nyuzi 3 hadi 6. Bana kwa pamba dakika 10. Usinyanyue ndoo siku hiyo. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema kabla.

Sindano nyembamba inayofyonza maji na seli ni rahisi zaidi, ila haitoshi kwa titi: haisemi kama ugonjwa umeshavamia tishu za jirani, na mara nyingi haitoshi kupima vipokezi, yaani alama za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa. Na usikubali uvimbe mzima ukatwe "tuone kwanza ni nini" kama sindano nene inapatikana. Ukikatwa bila mpango, upasuaji wa pili unakuwa mkubwa na mgumu zaidi.

Kwa nini nimeambiwa kinyama kirudiwe? Nilishalipa.

Hili ndilo swali la fomalini.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza hapohapo. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja, na fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Kisha kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Hapo ndipo vipokezi vya homoni vinabaki hai vya kutosha kupimwa.

Sasa tazama yanayotokea. Kinyama kinawekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu kwa sababu fomalini imeisha. Au titi zima linatumbukizwa kwenye ndoo ndogo yenye fomalini ya kulifunika nusu, na katikati linaoza bila kukatwa vipande. Au mgonjwa anapewa kichupa abebe mwenyewe, Ijumaa jioni, maabara imefungwa hadi Jumatatu, kisha foleni. Jibu linatoka "hasi" kwa vipokezi vyote, na mwanamke ambaye angeponea kidonge cha bei nafuu anaandikwa hana dawa ya homoni. Jibu la uongo la aina hii halipigi kelele, halina dalili, hakuna atakayekurudia kukuambia.

Kwa hiyo, ukipewa kichupa ubebe: angalia kina maji ya kufunika nyama na ziada, kina jina lako na upande (kulia au kushoto), kimeandikwa saa nyama ilipotoka. Kipeleke siku hiyohiyo. Uliza kabisa kuhusu vipokezi vitatu: "Mnapima ER, PR na HER2 hapa, au mnapeleka kwingine?" Kama ni kwingine, uliza ni malipo mengine na siku ngapi. Na kile kipande kilichogandishwa kwenye nta hubaki maabara. Ni haki yako kukiomba kipimwe tena mahali pengine bila kuchomwa upya, mradi kilihifadhiwa vizuri tangu mwanzo.

Nisomeje jibu lenyewe?

Tafuta vitu vitatu. Kwanza, aina: ya mifereji ndiyo ya kawaida zaidi, inafuata ya vitezi vya maziwa. Tafuta pia kama imeandikwa kuwa vamizi au bado iko ndani ya mfereji.

Pili, gredi, 1 hadi 3. Hii ni kasi na ukorofi wa seli chini ya hadubini. Gredi 3 *siyo* hatua ya 3! Tumewaona watu waliougawa urithi baada ya kusoma gredi 3, kumbe uvimbe ni wa sentimita moja na nusu.

Tatu, vipokezi. ER na PR ni milango ya homoni. Seli 1 tu kati ya 100 ikiwa nayo inahesabiwa chanya, na dawa ya homoni inaweza kufikiriwa, ingawa chini ya 10 faida yake ni ndogo. HER2, kipokezi kinachochochea seli kukua, inaandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya. 2+ ni "hatujui", na inahitaji kipimo cha jeni cha kuamua. Zote tatu zikiwa hasi, hiyo inaitwa hasi-tatu, na inaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Ni kali, lakini husikia vizuri tiba kemikali.

Hatua ya ugonjwa inapimwaje?

Kwa ukubwa wa uvimbe, matezi ya kwapa, na kama imefika mbali. Uvimbe hadi sentimita 2 ni T1, zaidi ya 2 hadi 5 ni T2, zaidi ya 5 ni T3, na ukishavamia ngozi au ukuta wa kifua ni T4 hata uwe mdogo kiasi gani. Ukijumlisha na matezi unapata hatua I hadi III. Hatua IV ni pale inapokuwa imefika kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Hatua 0 iko ndani ya mfereji tu, haijatoka.

Vipimo vya kuitafuta mbali ni eksirei ya kifua na ultrasaundi ya tumbo, au CT, na skani ya mifupa kwa mwenye uvimbe mkubwa au maumivu. Mwenye hatua I asiye na dalili yoyote havihitaji. Daktari akikuandikia skani ya laki kadhaa, uliza inatafuta nini.

Kwa nchi zenye huduma kamili, zaidi ya 90 kati ya wagonjwa 100 wa hatua I wako hai baada ya miaka 5. Kwa hatua IV ni takribani 30. Kwetu wengi hufika wakiwa hatua III na IV, na hapo ndipo tofauti kubwa inapoanzia.

Kwa nini mwenzangu alikatwa kwanza na mimi naanza na dripu?

Uvimbe mkubwa, ulioshika ngozi, au wenye matezi mengi hupewa dawa kwanza ili usinyae, upasuaji uwe safi na ngozi ifunge. Faida nyingine: tunaona kwa macho kama dawa inafanya kazi. Kabla ya kuanza, omba uvimbe uwekewe alama ya chuma ndani au upimwe na kuchorwa, kwa sababu ukiyeyuka kabisa daktari wa upasuaji atakosa pa kukata.

Lazima ziwa lote liondoke?

Si lazima. Kutoa kipande chenye uvimbe na kufuatisha mionzi kunampa mgonjwa maisha marefu sawa na kutoa titi zima. Tatizo ni neno "kufuatisha". Kama huwezi kufika kwenye mionzi kwa wiki zote, kukatwa kipande ni kamari mbaya, ugonjwa utarudi palepale. Mwenye ujauzito mchanga, mwenye uvimbe sehemu kadhaa za titi, au uvimbe mkubwa kwenye titi dogo, kwake titi zima ndilo jibu.

Utatoka na bomba la kutolea maji. Mimina na upime kwa mililita kila asubuhi, andika. Likitoa chini ya 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, linatolewa. Likitolewa mapema maji hujikusanya chini ya ngozi na kuvimba kama puto. Si hatari, hufyonzwa kwa sindano. Mkono anza kuunyoosha siku ya pili, taratibu, hadi usawa wa bega. Bomba likitoka, tambaa na vidole ukutani kila siku kwenda juu. Asiyefanya hivi bega linaganda, na mionzi inahitaji mkono uinuke kichwani.

Matezi yakishatolewa, mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Mikwaruzo ya kuparua samaki, kisu cha jikoni, mwiba: osha kwa sabuni na uone daktari ukianza kuvimba au kupata moto.

Fundi cherehani mzuri anaweza kukushonea titi la pamba lenye mfuko ndani ya sidiria. Kidonda kikipona kabisa, punje za mtama ndani ya kitambaa huongeza uzito ili mabega yasiende upande.

Dripu zenyewe ni ngapi, na zinafanya nini?

Mpango wa kawaida ni doksorubisini na siklofosfamidi mizunguko 4, kila siku 21. Kisha paklitakseli, ama kila wiki kwa wiki 12 ama mizunguko 4 ya siku 21. Ni kama miezi 6. Dozi huhesabiwa kwa urefu na uzito wako, kwa hiyo ukipungua sana sema upimwe upya.

Kabla ya kila mzunguko unapimwa damu. Chembe nyeupe za ulinzi zikiwa chini, dripu husogezwa wiki moja. Watu hulia kwa kurudishwa nyumbani, lakini ni afadhali kurudi Gongo la Mboto mikono mitupu kuliko kuingia wodini na maambukizi. Doksorubisini inataka kipimo cha eko cha moyo kwanza. Ni nyekundu kama sharubati ya rozela, na mkojo utatoka hivyo siku 1 au 2. Hiyo siyo damu. Ikichoma mshipani wakati inaingia, paza sauti palepale. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, hakuna ustahimilivu wa kishujaa hapo.

Nywele huanza kutoka wiki ya 2 hadi 3. Dawa za kutapika zinywe kwa saa zilizoandikwa, usisubiri kichefuchefu kianze. Vidonda vya mdomo: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua mara 4 kwa siku. Maji ya kuchemsha au ya chupa, mayai yaive hadi kiini, na kachumbari ya mtaani iache kwa sasa.

Na homa. Siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu kinga iko chini kabisa. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, hata saa nane usiku, nenda hospitali yenye kulaza na sema neno la kwanza kabisa: "Niko kwenye tiba ya saratani." Unatakiwa upate antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Jijini kwetu homa yoyote huitwa malaria, mtu ananunua dawa mseto duka la pembeni na kulala. Kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo, lakini hata kikitoka chanya hesabu ya damu lazima ifanywe. Nunua kipimajoto kabla ya dripu ya kwanza.

Mionzi?

Mara nyingi sasa ni siku 15 kwa wiki 3, gyrei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 kwa jumla. Zamani ilikuwa siku 25. Aliyetolewa kipande anaweza kuongezewa siku chache za kulenga pale penye kovu. Dakika zenyewe ni chache na hazina maumivu. Safari ndizo ndefu: 30, kwenda na kurudi, panga nauli au pa kulala kabla ya kuanza. Siku ya mashine kusimama haifutwi, huongezwa mwishoni.

Alama za wino usizisugue. Ngozi itakuwa nyeusi na kuwasha, nguo ya pamba, bila manukato. Mionzi haibaki mwilini, mbebe mtoto wako.

Kidonge cha tamoksifeni hadi lini?

Hii ndiyo ile dawa ya homoni: miligramu 20, mara moja kwa siku, miaka 5 hadi 10. Kwa wenye ER chanya, miaka 5 inapunguza vifo vya ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja, na faida inaendelea miaka mingi baada ya kuacha. Ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye ukurasa huu, na ndicho kinachoachwa zaidi, kwa sababu mtu hajisikii mgonjwa. Joto la ghafla na jasho ni kawaida. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla, au kutoka damu ukeni ilhali ulishakoma hedhi, hayo ni ya kwenda hospitali leo. Usishike mimba ukiwa unameza. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, huizuia kufanya kazi, kwa hiyo mwoneshe daktari dawa zako zote.

Waliokoma hedhi mara nyingi hupewa anastrozoli au letrozoli badala yake. Hizi hupunguza uimara wa mifupa.

HER2 yangu ni 3+.

Basi kuna trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kila wiki 3 kwa mwaka mmoja, na eko ya moyo kila miezi 3. Ni ghali. Kabla ya dozi ya kwanza pata jibu la maandishi kutoka kwenye bima yako kama italipia mwaka mzima.

Mlonge, majani ya stafeli, mwarobaini?

Hakuna utafiti kwa binadamu uliowahi kuonyesha kuwa yanaponya saratani ya titi. Stafeli iliua seli kwenye vichupa vya maabara, na hata jiki huua seli kwenye vichupa. Kunywa stafeli kwa muda mrefu kumehusishwa na ugonjwa wa neva kisiwani Guadeloupe. Mlonge ukiwa mboga, kula. Ukiwa unga wa dozi, uache wakati wa dripu, maana ini na figo zikisumbua hatutajua nani wa kulaumiwa. Wengi hawatuambii kwa kuogopa kugombezwa. Tuambie tu.

Ramadhani?

Tamoksifeni ni mara moja kwa siku, imeze daku au futari. Siku za dripu na zile zinazofuata unahitaji maji mengi, na kufunga kunaweza kuharibu figo. Ongea na daktari, kisha na sheikh wako. Ruhusa ya mgonjwa ipo.

Nina mimba. Nina VVU.

Mimba: upasuaji unawezekana wakati wote, tiba kemikali kuanzia mwezi wa nne, na husimamishwa kama wiki 3 kabla ya kujifungua. Mionzi, tamoksifeni na trastuzumabu husubiri. VVU: ARV haziachwi hata siku moja, tiba ni ileile, ila daktari ajue unameza zipi kwani baadhi hugongana na dripu.

Mume wangu naye anaweza kupata?

Ndiyo, ni chini ya mmoja kati ya wagonjwa 100. Kinundu nyuma ya chuchu, vipimo na tiba ni vilevile.

Sina bima na hela zimeisha.

Usipotee kimyakimya. Kila hospitali ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii, na hapo ndipo maombi ya msamaha husikilizwa. Njoo na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, na karatasi ya daktari. Nenda *kabla* ya kukosa mzunguko, kwa sababu dripu mbili zilizorukwa huipa saratani nafasi ya kukua tena.

Faili langu liwe na nini?

Ripoti ya patholojia yenye vipokezi, picha na maelezo yake, karatasi ya upasuaji inayotaja matezi mangapi yalitolewa na mangapi yalikuwa na ugonjwa, jumla ya doksorubisini uliyopata (ina kikomo cha maisha kwa ajili ya moyo), dozi ya mionzi na upande. Baada ya tiba kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu ya mwanzo, na mamografia ya titi lililobaki kila mwaka. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu mmoja unayemwamini. Bahasha ya kaki ikishanyeshewa na masika haisomeki.